Lumbesa

Nimepima mahindi Kibaigwa miaka kumi na tisa.
Najua kilo moja inavyosikika ikikosekana:
mwenye gunia hukohoa, dalali hutazama pembeni,
mshale hutetemeka kama mtu aliyetaka kusema neno
akaahirisha.

Waliponiita niwe karani wa kura ya maoni
sikuuliza kwa nini mimi.
Shule ya msingi, darasa la nne B.
Ukutani jedwali la saba, limefutika kuanzia saba mara nane.
Saa nne usiku, taa ya sola imeshaanza kusinzia,
tunafungua karatasi moja moja, tunaziinua juu
kama mtu anayekagua noti.
Ndiyo. Hapana. Hapana. Ndiyo.
Moja ilikuwa na alama ya vema kote kuwili
na chini yake, kwa penseli:
"Mnauliza maswali mawili kwa mpigo."
Tukaiandika imeharibika.
Ndiyo niliyoielewa kuliko zote.

Ndiyo, mia mbili kumi na nne.
Hapana, mia mbili kumi na moja.
Na nchi nzima, redio ikatuambia kesho kutwa yake,
ilikuwa hivyo hivyo. Unywele.

Soko likafunguliwa. Vumbi lilelile la Kongwa,
ila watu walisalimiana kwa kupimana.
Masinjila akashuka kwenye fuso lake, bendera kiooni:
"Mjadala umefungwa. Wananchi wamesema."
Foibe Ndahani hakuinua macho kwenye sufuria ya uji.
"Wananchi gani? Mimi nimehamia Malawi?"
Tukacheka, hata wa Ndiyo.
"Mmeshindwa, Foibe."
"Tumeshindwa, sikatai. Sheria na ipite.
Lakini kwenye lile sanduku nilitumbukiza karatasi,
sikutumbukiza mdomo."

Yoramu wa bodaboda akadakia: zimeibwa, kila mtu anajua.
Hapo ikabidi niseme.
Haikuibwa hata moja, Yoramu. Nilizishika zote.
Wiki nzima hakunisalimia,
na wiki hiyo nilitembea kwa miguu hadi nyumbani.

Mimi nilipiga Ndiyo. Hapa ndipo ninapokiri.
Nimeshinda kwa hiyo, na sioni raha yake,
maana najua lumbesa ninapoiona:
gunia limejaa hadi mdomoni, wanalivika kilemba,
wanalishonea kamba, linasimama kama mjamzito wa miezi kumi,
na mkulima analipwa gunia moja.
Tulipata kura tatu. Tatu!
Nazo wameshazishonea kilemba:
zimekuwa "taifa zima",
zimekuwa "asiyetaka ahame",
jana nimesikia zimekuwa "hata Mungu".
Nani atabeba huu mzigo ukipasuka njiani,
kama si hao hao mia mbili kumi na moja
wenye mabega upande wa pili wa gari?

Wanaendelea. Kila asubuhi.
Masinjila anasema mnachelewesha nchi,
Foibe anasema nchi si fuso, haina dereva mmoja,
Masinjila anasema ongeza sukari.
Siku nyingine anaondoka bila kulipa, kwa hasira,
jioni anarudi na hoja mpya.

Foibe humtaka kila mdeni aandike jina kwa mkono wake.
Juzi daftari lilikuwa wazi juu ya benchi, penseli katikati,
nami nilikuwa nasubiri kikombe.
*Masinjila, vikombe viwili.*
Ile M. Mguu wake wa mwisho umejikunja kwa ndani
kama mkia wa mbuzi aliyenyeshewa.

Labda. M za watu wengi zinafanana.
Alikuwa amesimama palepale, sauti juu, kidole hewani,
akimfundisha Yoramu maana ya ushindi.
Nikatazama pembeni, kama dalali.

Kisha mama mmoja wa Pandambili akaniita,
gunia lake liko juu ya mizani,
anataka nisome kwa sauti.